Akiba ya Theluji

Tangu aletwe kwenye kijiji cha milimani cha Hinterlahn kutoka kwao Kerala, Padri Joji alikuwa ameshabariki mengi: matrekta, mizinga ya nyuki, gari la zimamoto, hata mashine ya kahawa ya nyumba ya wageni. Lakini kubariki lundo la theluji ya msimu uliopita kulikuwa jambo jipya kwake, na aliuliza mara mbili kama hakuna anayemtania.

"Hakuna utani, Padri," Meya Irmgard alimwambia. "Wewe nyunyiza tu. Ila usizidishe, maji yanayeyusha."

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kwenye malisho ya mzee Kassian, nyuma ya banda lake la ng'ombe. Ilikuwa mwisho wa Novemba, wakati wa baridi, lakini wanaume walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Upepo wa kusini ulikuwa umevuma juma zima, ule upepo wa joto unaoumiza vichwa na kuwagombanisha wake na waume, na maua ya njano ya majira ya kuchipua yalikuwa yamechanua tena makaburini kama vile hayana kalenda. Bendi ya matarumbeta ilivaa sare zake za sufu na kutoka jasho kwa heshima zote. Mbele yao kulikuwa na lundo lenyewe, refu kama kanisa, limefunikwa vibanzi vya mbao kutoka chini mpaka juu ili theluji isiyeyuke. Baraza la kijiji lililikusanya mwezi Machi kwa ushauri wa Irmgard, aliyekuwa akisema katika kila mkutano kwamba akiba haiozi. Ni kweli akiba haiozi. Ya theluji ina tabia nyingine.

Haikuwa mchezo. Ofisi ya mkoa ilikuwa imesema wazi: lifti ya viti ya Hinterlahn, inayowapandisha wageni mlimani wakateleze, ndogo na kuukuu kuliko zote, itapewa kibali ikiwa tu mteremko utafunguliwa ifikapo sikukuu ya Maria ya Desemba, na mtu ateleze juu ya theluji ya kweli. Vinginevyo nguzo zitang'olewa. Vigil, mtoto wa Kassian, ndiye fundi wa lifti hiyo, na tangu Machi alikuwa pia mlinzi wa theluji, mwenye kofia ya baraza na ufunguo wa uzio. Mkewe Burgl alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba saba. Bila lifti hakuna wageni, na bila wageni Vigil angeshuka bondeni kufanya kazi kwenye kiwanda cha pampu, na ng'ombe wa mzee wangeuzwa. Hilo alilijua kila mtu, na Kassian alilijua kuliko wote, maana mashimo ya nguzo zile aliyachimba mwenyewe kwa sururu alipokuwa kijana.

Padri alinyunyiza. Irmgard alinyanyua mkono. Katapila lilizamisha kijiko chake kwenye lundo, likatoa vibanzi. Likazamisha tena, likatoa vibanzi na chura. Mara ya tatu upande wa mbele wa lundo uliporomoka taratibu, na watu wakaona kilichokuwa nyuma yake: nyasi mbichi, mawe, na dimbwi. Lundo lilikuwa limeliwa kwa nyuma kama mkate uliokutana na panya. Theluji iliyobaki ilikuwa ya kijivu, na ingetosha kupozea bia ya harusi, tena harusi ya watu wasiokunywa sana.

Bendi iliendelea kupiga kwa muda mrefu, kwa sababu kiongozi wake alikuwa ameipa mgongo aibu hiyo.

Burgl hakuitazama theluji. Alimtazama baba mkwe wake. Tangu Septemba alikuwa akikung'uta vibanzi kutoka kwenye pindo za suruali za mzee kabla ya kuzifua, na siku moja alikikuta kimoja kwenye supu. Kassian naye alikuwa akitazama mawingu, kama mtu aliyeambiwa kuna ndege itapita.

*

"Baba," Burgl alianza walipofika jikoni, akafunga mlango kwanza. "Vibanzi vya baraza umevipeleka wapi?"

"Vibanzi gani?"

"Baba!"

Kassian alivua kofia akaiweka mezani. Alikuwa mtu wa miaka themanini na kitu, mrefu, mwenye masikio makubwa ambayo yalikuwa mekundu sasa. "Majani makavu hayakupatikana mwaka huu," alisema. "Kiangazi kiliyachoma yote. Ng'ombe walale wapi? Vilikuwa pale, vimekaa bure. Nilichukua kidogo kidogo."

"Toroli ngapi?" Vigil aliuliza.

"Toroli nani anahesabu?"

"Mimi ndiye mlinzi!" Vigil alipiga meza, na ile kofia ya baraza ikamshukia machoni. "Nimekaa kwenye lile geti kiangazi chote kama sanamu! Nimefukuza watoto, nimefukuza mbuzi, nimemfukuza mpaka Padri alipotaka kupiga picha!"

"Ulilinda vizuri," mzee alikubali. "Lakini ulikuwa mbele. Mimi nilipita nyuma, kwenye mlango wa banda."

"Wewe uliyejenga lifti!"

"Nilijenga lifti, sikujenga theluji. Theluji gani ya kuvishwa blanketi mwezi wa saba, mwanangu? Theluji huja yenyewe. Mwaka ule uliozaliwa ilinifungia mlango, nikatokea dirisha la juu kwenda kumwita mkunga. Nikasema, hawa nao wana wasiwasi tu, itakuja."

"Na imekuja?"

Mzee aligeukia dirishani. Ng'ombe wake kumi na mmoja walikuwa nje wanakula nyasi za Desemba inayokaribia, wamenenepa, miguu yao mikavu na misafi kama ya ng'ombe wa maonyesho. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu, na kwa umri wake alikuwa amesahau hofu inavyosemwa.

"Asijue mtu," Vigil alisema mwishowe. "Wataniita mlinzi wa samadi."

Neno hilo liliwafanya wote watatu watazame upande mmoja. Kila kinachotandikwa chini ya ng'ombe hatimaye huishia mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa uani, kando ya lifti, mbele ya macho ya kila anayepita kwenda kanisani: lundo la samadi la mzee Kassian, ambalo miaka yote lilikuwa la rangi ya samadi, na mwaka huu lilikuwa la dhahabu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Burgl aliona afadhali kujaribu. Jioni hiyohiyo alifunga kamba kutoka ghalani hadi kwenye nguzo ya kwanza ya lifti, akaanika mashuka yote ya vyumba saba mbele ya samadi. Yalikuwa masafi. Yalikuwa yamepigwa pasi. Akawa anayaanika kila asubuhi na kuyaanua kila jioni yakiwa na harufu ambayo hakuna sabuni ingeiondoa, na majirani wakasema, huyu Burgl kweli ana imani, wageni wenyewe hawaji.

*

Baraza lilikutana kwenye ukumbi wa chakula wa Burgl, kwa kuwa ndio ukumbi pekee wenye jiko. Walikula madonge ya mkate na mchuzi, wakatafuta mwenye makosa. Mmoja alisema ni jua. Mwingine alisema jua haliwezi kula upande wa nyuma, huko kuna kivuli. Mwalimu mstaafu alisema ni panya wa milimani, anajua tabia zao. Yule wa zimamoto alisema ni watu wa bonde la pili, wana wivu, wamekuja na magari.

"Magari yangepita wapi bila Vigil kuyaona?" Irmgard aliuliza.

"Ni kweli," walikubali wote, wakamtazama Vigil kwa heshima. Donge lilimkwama kooni, Burgl akampiga mgongoni.

Ndipo mtu wa zimamoto alipopata wazo. "Hebu niambieni. Ni nani hapa kijijini anayepasha nyumba yake joto kwa vibanzi?"

Oswald alikuwa amekaa pembeni na bia yake. Alikuwa mgane mpole, mpiga tarumbeta kubwa ya bendi, ile ya kuzunguka mwili, na mwenzake Kassian katika karata kwa miaka arobaini. Kila mtu alijua ana tanuri la vibanzi, maana alilisifia mno alipolinunua.

"Mimi?" alisema.

Walikwenda wote, pamoja na Padri, mpaka kwenye stoo ya Oswald. Ilikuwa imejaa. Irmgard alichota vibanzi kwa mkono akavinusa kama anayenusa unga wa dukani.

"Vyetu vilikuwa na harufu ya msonobari," alisema.

"Na vyangu ni vya msonobari," Oswald alijibu. "Kuna mti gani mwingine hapa?"

"Stoo imejaa sana, Oswald."

"Imejaa kwa sababu sijawasha tanuri! Kwa joto hili mtu awashe tanuri la nini?"

Ilikuwa hoja nzuri, na kama watu wangekuwa wanatafuta ukweli ingewatosha. Lakini walikuwa wanatafuta mtu. Iliamuliwa kwamba Oswald akae nje ya bendi mpaka jambo lijulikane. Akaenda ndani akatoka na ile tarumbeta kubwa, akaipangusa mdomoni kwa mkono wa shati, akaibeba mwenyewe kijijini chote mpaka nyumbani kwa Irmgard kuikabidhi. Irmgard hakuwa na mahali pa kuiweka, akaiweka bafuni. Kassian aliyaona yote hayo akiwa kwenye mlango wa banda, na uma wa samadi mkononi.

Jioni Oswald alikuja kucheza karata kama kawaida. Watu walihama meza. Kassian peke yake ndiye aliyebaki, akachanganya karata.

"Asante," Oswald alisema. "Wewe unanijua. Wewe unajua siwezi."

"Najua," Kassian alijibu.

Alimwachia Oswald kila mkono walioucheza. Alitupa mfalme pale ambapo hata mtoto asingetupa mfalme. Oswald alishinda mpaka akaona aibu, na Burgl, aliyekuwa akifuta bilauri, aligeuka ukutani ili asionekane anavyolia.

*

Jumapili iliyofuata upepo ulikuwa umezidi, na baada ya misa watu walisimama mbele ya kanisa kusengenya kama sheria inavyotaka. Kutoka pale uwanjani unaiona nyumba ya Kassian yote: ghala, lifti, na ule mstari wa mashuka meupe yanayopepea. Oswald alisimama peke yake karibu na makaburi. Wenzake wa bendi walipiga wimbo mmoja bila tarumbeta kubwa, na ulisikika kama mtu anayeongea bila meno.

Kassian alitoka katikati ya watu bila kuaga. Alishuka njia, akaingia uani kwake, akasimama mbele ya mashuka. Akaondoa kibanio cha kwanza.

"Anafanya nini huyu?" Vigil alinong'ona. Burgl alimshika mkono. "Mwache."

Mzee hakuyavuta tu. Alijua mkwewe ameyapiga pasi. Alilianua shuka moja, akalikunja mara mbili, mara nne, akaliweka kwenye benchi, akaendelea na la pili. Alipofika la mwisho lundo la samadi lilikuwa wazi, la dhahabu, linafuka moshi kwenye jua, na harufu ya msonobari ilipanda mpaka kanisani ikiwa imechanganyika na ile nyingine.

"Oswald hakuchukua kitu," Kassian alipaza sauti. "Ni mimi. Mrudishieni tarumbeta yake."

Kisha watu wote walianza kusema kwa pamoja. Mtu wa zimamoto alisema yeye alishajua. Mwalimu alisema hata hivyo panya wa milimani wachunguzwe. Irmgard alishuka njia akiwa mwekundu, viatu vyake vya misa vikizama kwenye tope.

"Umetuua, Kassian! Unajua umetuua? Umeua lifti yako mwenyewe kwa mikono yako mwenyewe!"

"Najua."

"Kwa ajili ya ng'ombe!"

"Kwa ajili ya ng'ombe," alisema mzee. "Hao niliweza kuwasaidia."

Oswald naye alikuwa ameshuka. Alisimama mbele ya rafiki yake, akamtazama kwa muda. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanipa ushindi," alisema. "Mimi nilidhani akili zimeanza kukutoka. Nimeshakuombea mara mbili."

Irmgard hakuwa anawasikiliza. Alikuwa akilitazama lundo la samadi. Lilikuwa refu kupita kimo cha mtu mara mbili, maana mwaka huo lilikula vizuri, na lilishuka taratibu kuelekea malishoni. Halafu akatazama juu, kwenye nguzo ya lifti, ilipofungwa ile kamera inayowaonyesha watu wa mbali hali ya theluji yetu. Ofisi ya mkoa haikuwa na hela ya kumtuma mkaguzi. Waliandika kwamba siku ya sikukuu, saa nne asubuhi, wangetazama kwenye kamera.

"Vigil," Meya alisema polepole. "Hii kamera inaona mpaka wapi?"

"Inaona malisho. Na samadi. Juu haioni."

"Lina mteremko mzuri," alisema Irmgard.

*

Siku ya sikukuu ya Maria kijiji kiliamka mapema na matoroli. Theluji ya kijivu iliyobaki ilisombwa yote, ikatandazwa juu ya samadi na kushuka malishoni kwa upana wa zulia la kanisa. Walimwomba Burgl unga wa kuipausha palipochafuka. Alikataa, unga ni chakula. Padri Joji alibariki tena, na safari hii hakuuliza kitu.

Wa kuteleza alikosekana. Kila mmoja alikuwa na goti bovu. "Aliyekula ndiye aoshe sahani," Irmgard alisema, na macho yote yakamgeukia Kassian. Burgl alitaka kupinga kwamba mzee atavunjika. Lakini Kassian alikuwa ameshakwenda ghalani, akarudi na mbao zake za kutelezea, za mti, zenye kamba za ngozi, ambazo wajukuu wa watu walikuwa wakizichukulia kuwa pambo la ukutani.

Sheria ni sheria: mtelezaji lazima apande lifti. Vigil aliiwasha, viti vikalia, na baba yake akapaa juu ya nyasi za kijani, juu ya ng'ombe wake waliomwinulia vichwa, akapotelea msituni. Huko juu hapakuwa na theluji hata ya kuoshea uso. Ikabidi ashuke kwa miguu kupitia nyuma ya miti, mbao begani, mahali kamera haioni. Watu walisubiri. Bendi ilipiga, na tarumbeta kubwa ya Oswald ilinguruma kuliko zote, ingawa ilitoa povu la sabuni la bafuni kwa Meya. Wadachi wanne, wageni pekee wa Burgl, walitoka kibarazani na vikombe vya kahawa wakidhani ni mila ya hapa.

Saa nne Kassian alitokea juu ya samadi. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye theluji na kumzunguka miguuni. Alifunga kamba, akanyoosha mgongo, na ghafla hakuwa mzee tena, kila aliyekuwapo atakuambia hivyo. Akajiachia. Alikata kushoto, akakata kulia, magoti yamebana kama walivyofundishwa zamani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mtoto wake hakuwahi kuiona. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zulia jeupe liliisha, mbao zikakutana na nyasi, na Kassian akaenda chini kifudifudi mbele ya ng'ombe, ambaye alimramba theluji kofiani.

Wadachi walipiga makofi. Vigil alikimbia. Mzee hakuvunjika kitu. Alikuwa amelala pale akishika nyasi kwa mikono yote miwili, analia.

"Umeumia wapi, Baba?"

"Imeisha?" Kassian aliuliza. "Hiyo ndiyo baridi yote ya mwaka huu, Vigil? Ndiyo imeisha hivyo?"

Vigil alimfuta uso kwa kofia ya baraza.

Simu ililia nyumba ya wageni. Ilikuwa ofisi ya mkoa. Walikuwa wameona. Walitoa hongera, kibali kimepita, na walisema wamependa hasa ule ukungu wa asubuhi. Kisha ikalia tena, na tena. Watu wa miji ya mbali walikuwa wameona pia.

"Kwa hiyo theluji mnayo?" sauti moja ilimuuliza Burgl.

"Ipo," Burgl alijibu, macho yake dirishani.

"Nyingi?"

"Ipo," alisema Burgl.

*

Samadi ina joto, na haingoji mtu. Jua lilipoanza kushuka Kassian na Oswald waliikwangua theluji iliyosalia, wakaisukuma kwa toroli mpaka kwenye kivuli nyuma ya banda. Ilikuwa kiasi cha ndama aliyelala. Kassian aliingia bandani. Ng'ombe walikuwa wamesharudi. Aliwasogeza mmoja mmoja kwa kiganja, akiwaomba radhi kwa majina yao, akakusanya kwa uma vibanzi vyote vikavu vilivyokuwa chini yao, akatoka navyo.

Vigil alimkuta akifunika. "Baba, na ng'ombe watalala wapi?"

"Kwenye saruji. Wamenenepa, watavumilia."

Kutoka ndani ng'ombe mmoja alilalamika, kisha wote wakaitikia. Kassian aliuma midomo, lakini hakuacha. Alivikandamiza vibanzi pande zote, hasa upande wa nyuma. Vigil alivua ile kofia yake na kumvisha baba yake, ikakaa vizuri kwa sababu ya yale masikio.

"Itatosha mwakani?" Kassian aliuliza.

Oswald alilizunguka lile lundo dogo, akalipima kwa macho.

"Kwa kamera itatosha," alisema.

Kassian hakucheka. Alichukua kiti cha kukamulia, akakiweka upande wa nyuma, akakaa.